Kichwa cha Kungu

Mama Kulwa mpenzi,

Za hapo Mwanza? Mie mzima, ila joto la Bunju halina adabu.

Juzi niliwanunulia wakwe samaki mwekundu, mkubwa. Nikamwambia muuzaji amtoe ngozi na kichwa, nisimpe mtu kazi, kama sangara wa minofu huko kwetu. Bibi Somoe, mama mkwe wa mwanetu, akafungua mfuko akauliza, "Samaki gani huyu?"

Nikajibu, "Mwekundu."

"Wekundu wako wengi, mkwe. Bila ngozi wala kichwa, nitajuaje kama wa kukaanga au wa nazi?"

Akampika hivyohivyo. Nami nikanuna.

Leo Kulwa kanipeleka mwenyewe kwa wauza samaki. Kulwa huyuhuyu aliyekuwa akikimbia jikoni ukianza kumparua sato! Sasa anawageuza samaki kwa mkono mtupu. "Mwenye doa jeusi ubavuni ni tembo, baba. Huyu mwekundu, mwenye kamfereji kutoka puani hadi jichoni, ndiye kungu. Huyu tunamtia nazi."

Mchana Bibi Somoe akaniwekea kichwa kizima. "Hiki ni cha mgeni," akasema. "Kile cha juzi ulijinyima mwenyewe."

Kulwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba, kwetu samaki haingii ndani bila kichwa!"

Kwetu, yaani hapa Bunju. Basi usimlilie tena, mke wangu. Mwanetu amefika.

Ninakukumbuka sana, hasa nikila.

Baba Kulwa