Mimea ya Vikombe na Mvua ya Kishapu

Mama Mageni, mdomo wangu umeniponza leo!

Kamanda wa sungusungu kaingia banda la nailoni kuona ile mimea ya vikombe ya mjukuu wangu Lusia, ile yenye majani ya kunasa wadudu. Kaona nzi anazama kikombeni. "Bibi, huu unakula nini?"

Nikamjibu, "Unaanza na nzi. Wambeya baadaye."

Hakucheka! Mama Mageni, hakucheka kabisa!

Akaonyesha mapipa yangu. "Na maji ya mvua unayaficha ya nini, wakati mahindi yanakauka?"

Nikasema ya kisima yana chumvi, yanaua mimea hii. Kasema, "Kesho mkutanoni utaeleza mvua umeifungia wapi."

Na macho yangu yalivyo mekundu kwa moshi, nani ataniamini kuwa si mchawi?

Njoo tuongozane. Nimejaribu kujichekesha, imegoma.