Picha Uliyoniambia Niitupe

Kwako Fahmi, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimesikia kwamba huko Doha unawaeleza watu wa nyumbani kuwa mimi ndiye niliyekuvunjia ndoa. Unasema nilikuja kwenu na picha, nikaitoa mbele ya wageni kwa nia ya kukufedhehesha. Nia hiyo siikani. Nilioga, nikajifukiza udi, nikavaa buibui langu jipya, nikavuka kutoka Likoni nikiwa nayo kifuani, na mpaka leo haijanitoka. Lakini wewe unahadithia nusu. Mimi nitaisimulia yote, na barua hii nimeiacha wazi ili waisome wale wale unaowasimulia.

Unakumbuka siku tulipozipata zile picha? Tulikuwa tunapita Ndia Kuu, miezi michache tu tangu tujuane. Studio moja ya zamani ilikuwa inafungwa, na mafundi walikuwa wakitoa makasha nje yabebwe na mkokoteni wa taka. Kasha moja likapasuka. Nyuso zikamwagika barabarani: maharusi, watoto wa chuo cha Kurani, mabaharia, wazee wenye vilemba. Ulimzuia mwenye mkokoteni kwa mikono miwili. "Hawa ni watu, bwana! Huwezi kutupa watu!" Nilikupenda pale pale, Fahmi. Sitalificha hilo kwa sababu ya hasira.

Tulitoka na makasha manne. Kila Jumamosi nikimaliza kazi yangu ya ukarani bandarini, nilikuja Kibokoni tukakaa kwenye baraza la duka la ami yako, wapita njia wakitusalimia, wewe na kahawa yako, mimi na kioo cha kukuzia. Ulikuwa hodari wa kutunga visa. Mimi nilitazama viatu, mapazia na mikono. Ni mimi niliyegundua kwamba wanaume sita wasiojuana walivaa saa ile ile, tukacheka mpaka ami yako akatoka kuuliza kuna nini. Saa ilikuwa ya studio, kila mteja akiazimwa apendeze. Ni mimi pia niliyemwona yule bi harusi aliyevaa viatu vinavyompwaya. Ulisema, "Riziki, wewe hufichwi kitu." Ungeyakumbuka maneno yako mwenyewe, ungejiepusha na mengi.

Siku moja ukashika picha ukapiga kelele ya furaha. Ilikuwa picha ile ile inayoning'inia sebuleni kwenu, niliyoiona siku uliponipeleka kumsalimia mamako. Bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha kuchonga, dhahabu shingoni, mume amesimama nyuma yake. Kando, karibu na ukingo wa picha, msichana wa kazi aliye miguu mitupu ameshika mtoto. "Huyu ni nyanya," ukasema, "na huyu mtoto ni mama. Nyanya kwao ni Hadhramaut, Uarabuni, watu wakubwa." Nikakuuliza msichana ni nani. "Yaya tu," ukajibu.

Jumamosi iliyofuata nikapata nyingine ndani ya kasha lile lile. Ulipoiona uliacha kutunga visa. Mimi nilidhani umechoka. Ukanirudishia haraka, ukasema, "Hii imeharibika. Itupe." Haikuwa imeharibika, Fahmi. Nikaitia mkobani.

Kisha ukanambia umeshazungumza kwenu, posa inakuja. Mamangu akapaka nyumba chokaa. Wajomba zangu wakaja kutoka Kwale na Ng'ombeni wakakaa siku mbili wakisubiri watu wenu. Hakuna aliyekuja. Siku ya tatu ukaniita Feri, upande wa kisiwani, kwenye wauza mihogo ya kukaanga, watu wanatusukuma wakiwahi kivuko.

"Mama amekataa," ukasema. "Anasema hujulikani kwenu. Wewe Mdigo, Riziki. Anasema damu haichanganyiki hivi hivi."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi ni mwanawe. Nifanyeje?"

Nikakuuliza tutafanya nini na picha zetu, kwa sababu akili yangu haikuwa na swali jingine. Ulitazama kivuko kinachoshusha watu. "Baki na takataka zako," ukasema, ukaenda.

Nilirudi nyumbani nikawaambia wajomba zangu wafungashe. Mjomba mkubwa alikunja kanzu aliyoileta kwa siku ile, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri. Kanzu ile ndiyo iliyonifanya niape kulipiza.

Mwaka mzima nilimchukia mamako, Bi Zuhura. Wewe nilikuona mnyonge tu, mtoto asiyeweza kumjibu mamake. Chuki yote nilimwekea yeye. Niliposikia umeposa msichana wa mtaa wa Kizingo, na kwamba wanawake wa kwao watakuja kwenu alasiri ya Jumapili kukubaliana mambo ya harusi, nilishusha makasha nikayamwaga kitandani. Nilitaka kitu cha kumchoma. Sikujua ni kitu gani, lakini nilijua nyumba yenye majivuno kama ile haikosi ufa.

Ndipo nikaziweka zile picha mbili pamoja. Pazia ni lile lile. Chombo cha maua ni kile kile, mdomo umemeguka. Mtoto ana gauni lile lile. Lakini katika ile ya pili, uliyosema imeharibika, bibi hayupo. Kwenye kiti cha kuchonga amekaa yaya, bado yu miguu mitupu, na mtoto amelala kifuani pake, mkono mmoja ndani ya leso. Nilitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likaniuma. Mtoto yule alikuwa ananyonya.

Nikaulizia Ndia Kuu mpaka nikaelekezwa kwa Bi Shufaa, binti wa yule mpiga picha. Amezeeka, amekonda, na ana ukali wa mtu aliyezoea kusumbuliwa. Zamani wanawake walipokuja studio, yeye ndiye aliyewapanga na kuwafunga nguo zao vizuri. Nilimpa mkono, nikaubusu wake, nikamwekea picha mapajani. Hakuhitaji miwani.

"Leso hii mimi ndiye nlomfunga," akasema. "Asubuhi walikuja wote. Alasiri bwana akarudi na huyu peke yake na mtoto. Akamwambia babangu, mpige na mwanawe."

"Mwanawe?"

"Wewe wanisikia au hunisikii? Na mwanawe. Nlimuuliza kwao wapi, akanambia Likoni. Jina lake Mejumaa. Alikuwa aona haya, hata mato hakuyainua kututazama. Babangu alimngoja sana."

Nilicheka njia nzima mpaka Feri. Watu walinitazama. Bi Zuhura aliyenikataa kwa kuwa mimi Mdigo wa Likoni, ndani ya mishipa yake mlikuwa na Likoni tele! Nikaikuza picha, nikaitilia fremu nzuri, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi yenye maua.

Jumapili ile sebule yenu ilikuwa imejaa. Wanaume mlikuwa barazani, nami nikapitia mlango wa wanawake. Nikapiga hodi. Nilijua mamako akiniona atanifukuza, nami nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Bi Zuhura akainuka, akaniangalia, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Riziki? Umekuja, mwanangu? Mimi nilidhani umeshatukata."

Maneno niliyoyaandaa hayakuwa ya kujibu hayo. Lakini nia ilikuwa imeshika usukani. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekuletea zawadi, Mama. Ni mtu wa kwenu."

Alichana karatasi. Akatazama. Akaketi taratibu kama mtu anayetafuta kiti gizani, na kilikuwa nyuma yake.

"Umempata wapi?"

"Wamjua?" nikauliza. Nilitaka aseme mwenyewe, mbele ya Kizingo nzima.

"Nisimjue vipi? Huyu ni mamangu."

Shangazi wa mchumba wako, yule mama mnene mwenye sauti, akanyoosha kidole ukutani. "Si mamako ni yule?"

"Yule ni mke mkubwa wa babangu. Mungu hakumjaalia mtoto. Babangu akamuoa huyu kwa siri, halali yake, nami nikapewa yule niwe wake. Huyu niliambiwa nimwite yaya. Nilipofika miaka saba akarudishwa kwao Likoni. Kila Ijumaa alivuka akaniletea matunda ya matomoko, akakaa pale kizingitini, nami napiga kelele ndani, yaya amekuja, yaya amekuja. Alipokufa niliambiwa arubaini yake imepita, na siku hiyo ndipo nikaambiwa kuwa ndiye mamangu. Sikuwa na picha yake hata moja."

Nilisubiri minong'ono. Nilisubiri wale wanawake wakusanye mabuibui yao. Shangazi yule akajipangusa macho, akasema, "Ndilo la kulilia hilo? Nyanyangu mzaa mama ni Mdigo wa Msambweni. Lete nimwone. Mashaallah, tizama alivyo mzuri." Picha ikapita mkono kwa mkono.

Ile aibu uliyoikimbia, Fahmi, ile uliyonitupa Feri kwa ajili yake, ilikaa sebuleni kwenu kwa muda wa kumimina kikombe cha chai, kisha ikawa haipo.

Na hapo ingekwisha, mimi nirudi nyumbani bila kisasi. Ila mamako alinigeukia. "Mimi nilifurahi mno aliposema anataka kuoa Likoni. Nikajua damu ya mamangu inarudi nyumbani. Kisha akanambia umeikataa posa, kwamba sisi tuna maringo. Nikaona una haki. Lakini mbona hukuja hata kunambia mwenyewe?"

"Mimi nimekataa?"

Ulikuwa umesimama mlangoni wakati huo, umeitwa na sauti ya shangazi yule. Uliiona picha kwenye mapaja ya shangazi, ukaniona mimi. Rangi iliyokutoka siisahau, na wala sitaki kuisahau.

"Fahmi," mamako akasema, "huyu mtoto alikukataa, au hakukukataa?"

"Mama, si wakati wake."

"Nijibu."

Ukatazama zulia. Basi nikajibu mimi, neno kwa neno, kama ulivyoniambia pale kwenye wauza mihogo. Hujulikani kwenu. Damu haichanganyiki hivi hivi. Mama amekataa.

"Mimi niseme hivyo?" Bi Zuhura hakupaza sauti. "Mimi, mtoto wa Mejumaa? Habari hii duniani nimemwambia mtu mmoja tu. Nilikwambia wewe, una miaka kumi na tano. Ukanambia, Mama, tafadhali usimwambie mtu mwingine."

Ulijua. Ile Jumamosi uliponiambia niitupe, ulikuwa umemtambua nyanyako. Ulimwokoa kila mtu kwenye mkokoteni wa taka, ukamtupa huyo mmoja tu.

Shangazi akainuka. "Sisi tutazungumza nyumbani," akasema, na kikombe chake kilibaki nusu. Kabla ya Ijumaa jibu likaja, na lilitoka kwa msichana mwenyewe. Nililisikia kwa mamako: mtu anayemsingizia mamake mzazi, mimi atanisingizia nini?

Ulinipigia simu mara moja tu kabla ya kusafiri. "Umefurahi?" ukauliza. Nilikuwa jikoni. Nikafikiria kukwambia maneno ya kistaarabu. "Nimefurahi," nikakwambia, na ilikuwa kweli. Kuna watu watasema kisasi humwacha mtu na uchungu mdomoni. Mimi nililala vizuri.

Baada ya wewe kuondoka, mamako alinitumia ujumbe: anataka kwenda kwao. Nikamfuata Kibokoni, tukashuka Feri pamoja, akavuka amenishika mkono kwa sababu miguu yake haina nguvu siku hizi. Tulitafuta Jumapili tatu. Tulipofika nyumba yenyewe, akatoka mwanamke wa makamo, mpwa wa Mejumaa, na mamako akamshika mashavu kabla ya kutoa salamu, maana uso ulikuwa ule ule wa kwenye kiti cha kuchonga. Akatupeleka kaburini, mahali pana nyasi na jiwe dogo tu. Bi Zuhura akainama, akalitamka jina ambalo hakuwahi kumwita akiwa hai. "Mama." Kisha akalirudia, kama anayejaribu kama litatoka tena.

Wewe ndiye uliyepaswa kumshika mkono pale. Nimeushika mimi, na sikuachii nafasi. Ijumaa zote nakula kwenu. Mjomba wangu mkubwa amekuja na ile kanzu, akakaa sebuleni kwenu akapakuliwa biriani na mamako kwa mkono wake. Picha ya Mejumaa iko ukutani sasa, katikati. Ile nyingine haikuondolewa. Mamako hakutaka kumtendea mtu kama mamake alivyotendewa. Katika hilo yeye ni mwema kuliko mimi.

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita nilikuwa nayapanga makasha, nikakutana na picha yetu, ile tuliyopigwa na kijana wa kamera kwenye bustani ya Feri. Umevaa shati jeupe, unacheka. Nilidhani nitaichana. Kisha nikawaza jinsi tulivyohangaika na zile nyuso zote zisizoandikwa neno nyuma, tukikisia nani alikuwa mwema, nani alikuwa mwongo. Nikaigeuza. Nikachukua kalamu ya wino usiofutika. Nikaandika jina lako kamili, la babako na la babu yako, kisha kwa mwandiko wangu mzuri wa kikarani nikaandika ulichonitendea, ulichomtendea mamako, na ulichomtendea Mejumaa. Nikaungoja wino ukauke, nikaitia kashani pamoja na zile nyingine.

Siku moja mimi na wewe tutakuwa hatupo, na msichana fulani atalifungua kasha hilo, aione sura yako nzuri, atake kujua ulikuwa nani. Hatapata taabu.

Kaa huko salama. Sikuombei mabaya, wala sikuombei kurudi.

Mimi niliyekuwa mchumba wako, na sasa ni mwana wa mamako.