Levi Fupi ya Pikapu

Jumatatu, 8 Machi 1993

Mikate imechelewa tena. Umeme unakatika, unga haba, mwokaji ananung'unika. Nimefika Musonoi na pikapu yangu jua limeshapanda, nusu ya wateja wangu wameondoka na mihogo.

Njiani kurudi, kupandisha gia, vitesi ya tatu, kifundo cha mkono kikagonga dashibodi. Sasa pana alama ya bluu juu ya alama ya zamani. Mi mfupi, lazima kiti kisogee mbele ndipo nifikie kanyagio. Levi ya vitesi ni ndefu kama mpini wa jembe. Ikienda ya tatu, inauvuta mkono wangu mpaka kwenye redio.

Nimemuuliza Kazadi kwa nini kijiti hicho kisafiri umbali wote ule. Mume wangu ni mkerezaji wa vyuma, angejua. Kasema, "Gari njo vile." Ati ndivyo lilivyo; hilo si jibu. Simlaumu. Tangu wakubwa wa mgodi walipowaambia watu wa asili ya Kasai wasionekane tena karakana, kila asubuhi anapiga pasi shati, analivaa, anakaa mbele ya ukuta. Amezaliwa hapa Kolwezi. Huko Kasai hajafika hata siku moja.

Jumatano, 10 Machi

Nimegundua kitu na mwiko.

Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu. Nikaushika mwiko katikati kwa mkono wa kushoto, nikaisukuma ncha yake ya juu kwa mkono wa kulia. Juu unaenda kulia, chini unaenda kushoto. Nikapandisha mkono wa kushoto kidogo. Ajabu! Chini inafanya safari ileile, lakini juu inasogea kidogo tu. Nikashusha: juu inatembea sana. Kwa hiyo si urefu wa kijiti peke yake. Ni mahali kiliposhikwa.

Nani kashika levi ya gari? Wapi? Sijawahi kuona.

Bukari imeungua. Ngalula, binti yangu, kacheka mpaka kakaa chini. Ana miaka kumi na mmoja, kicheko kimekuwa nadra nyumbani, nimefurahi kuungua kwa bukari.

Mchana sokoni mama mmoja kaurudisha mkate mezani. Kasema hali mkate wa muke wa Mukasai. Mi mtu wa Kabongo, Katanga ya kaskazini, baba na mama. Nilitaka kumwambia. Nikaupanga mkate wake pamoja na mingine. Nina hasira na huyo mama, na nina hasira na mimi kwamba nilitaka kumwambia.

Alhamisi, 11 Machi

Kazadi kainuka kutoka kwenye ukuta. Alinisikia nikimweleza Ngalula habari ya mwiko, kaja mlangoni, kasimama. Kisha kasema kwamba chini ya levi kuna gololi kubwa ya chuma, inakaa ndani ya kikombe. Hiyo ndiyo mkono wangu wa kushoto kwenye mwiko.

Nikauliza, tukikata juu? Kasema itakuwa fupi lakini nzito. Nzito kiasi gani? Hajui. Basi tukate tujue. Kanitazama kama vile hajaniona siku nyingi. Kaenda kuleta msumeno wa chuma.

Tumekata kipande kama urefu wa kiganja. Kirungu chake cha kushikia tumekirudisha juu.

Jumamosi, 13 Machi

Fupi, ndiyo. Mkono haugongi tena. Lakini nzito! Kama kung'oa muhogo kwenye udongo wa kiangazi. Nimeandika hapa nisisahau: ukipunguza safari, unaongeza uzito. Hakuna cha bure.

Karibu na reli vijana wanaowatafuta Wakasai wameweka gogo barabarani. Nikapunguza mwendo, vitesi ya pili ikakataa kuingia, gari ikazima mbele yao. Mmoja kapiga boneti kwa kiganja. Kasema kwa adabu, hilo ndilo lililonitisha, "Mama, weye uko wetu. Bwana yako njo aende kwabo." Kaniondolea gogo yeye mwenyewe.

Mpaka Musonoi nimeendesha kwa vitesi ya kwanza. Si kwa ajili ya levi.

Jumapili, 14 Machi

Tumerudi kutoka misani, lango letu limeandikwa kwa chaki: BILULU MUENDE KWENU. Bilulu ni wadudu. Ngalula kasoma kwa sauti kabla sijamziba macho. Kazadi kafuta kwa koti lake la Jumapili.

Kaka yangu Numbi kaja mchana. Kakaa, kanywa maji, kasema yote mara moja. Shemeji aende na wenzake, na treni ya kuwarudisha Wakasai kwao. Mi na Ngalula tuhamie kwake, gari tuilaze uani mwake. Mambo yakipoa tutaona. Numbi ananipenda. Kama angekuja na chuki ingekuwa rahisi.

Kazadi kaitikia kwa kichwa. Kasema, "Kaka yako anasema kweli." Wamekubaliana wanaume wawili juu ya meza yangu, wala hakuna aliyegeuka kuniuliza.

Nimetoka nikaenda kukaa ndani ya gari. Gari imezimwa. Nikakanyaga ambreyaji, yaani klachi, nikasukuma levi ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole. Kabla ya kila vitesi kuna sehemu ambapo levi inacheza ovyo, haishiki kitu, kama jino linalotaka kung'oka. Ile ni nini? Nimekaa mle mpaka Numbi kaondoka.

Jumanne, 16 Machi

Tumefungua. Kazadi kavua mfuko wa mpira, skrubu nne, kifuniko kidogo cha chuma, kisha kavuta levi yote juu kama mtu anayetoa kijiko kwenye chungu. Harufu ya grisi ya zamani. Na gololi yenyewe! Kubwa kuliko nilivyodhani, inang'aa upande mmoja, upande wa pili ina kutu.

Kikombe chake kimelika. Gololi inaogelea ndani. Nikaelewa kabla Kazadi hajafungua mdomo: nusu ya safari ya levi haikuwa safari. Ilikuwa ulegevu. Miaka yote nimekuwa nasukuma hewa.

Kwa hiyo tulikosea kukata sana. Kazadi kachora kwa chaki sakafuni: kikombe kipya cha bronzi, kinachoishika gololi vizuri na kuiinua kidogo, ulimi wa chini ya gololi urefushwe kwa kiasi hichohicho, juu turudishe nusu ya kile tulichokata. Levi ishikwe juu zaidi, kama mwiko wangu.

Inahitajika mashine ya kukereza. Ile aliyoifanyia kazi tangu ujana iko nyuma ya lango ambalo hawezi kulikaribia.

Jumatano, 17 Machi

Nimekwenda kwa Baba Saidi. Ana malori, babu yake alikuja kutoka upande wa Kasongo na biashara ya nguo. Uani mwake ana mashine kuukuu ya kukereza, inaenda kwa jenereta. Nimemwambia shida yangu yote, hata ya mume. Kasema, "Mulete. Huku kwangu hakuna mutu ataingia bila hodi."

Kazadi kalala nyuma ya pikapu chini ya turubai, kreti za mikate juu yake. Levi tulikuwa tumeirudisha ilivyokuwa, fupi na nzito. Kwenye gogo nikawapa vijana mikate bila kusimamisha injini. Wakapokea. Nilihisi aibu na hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Uani kwa Baba Saidi mashine ikaanza kulia, na Kazadi kaanza kuimba kwa pua. Sijamsikia akiimba tangu mwaka jana. Vipande vya bronzi vinatoka kama nywele za dhahabu, vinajiviringa, vinaanguka. Nimeuliza kwa nini vinajiviringa. Kanieleza. Nimeuliza kwa nini anatia mafuta. Kanieleza. Ulimi ukatoka mnene kwanza, haukuingia kwenye kipimo, kaupiga tupa mpaka ukaingia.

Baba Saidi alikuwa anatazama. Mwishowe kasema, "Tata Kazadi, unayua watakufukuza. Gari haiingie mu treni. Juu ya nini uko natengeneza?"

Kazadi kazidi kupiga tupa. Mi nikajibu, "Tunataka kuona kama itaingia."

Si ujasiri. Ni kweli tu, nilitaka kuona.

Ijumaa, 19 Machi

Asubuhi tumefunga vipande vipya, na juu tumerudisha nusu ya tulichokata. Vitesi zote nne zimeingia, ya kurudi nyuma imekataa. Tumefungua tena. Kikombe kilikaa upande, uchafu kidogo chini yake. Tumesafisha, tumetia grisi mpya, tumefunga. Ya nyuma ikaingia na sauti ndogo, *tk*.

Tukaenda barabara ya Kingamyambo, kule kwenye vilima vyeupe vya mabaki ya madini, watu ni wachache. Sasa ni kifundo tu kinachofanya kazi, bega limetulia. Ya pili, ya tatu, pale pale kwenye kiganja. Uzito upo kidogo, uzito mzuri, unajua umefika. Nilipanda na kushuka vitesi bila sababu yoyote. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kazadi kafumba macho, anasikiliza sanduku la vitesi. Kasema, "Inasema vizuri." Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, hata baada ya kilichofuata.

Tumerudi, mtaa umejaa moshi. Nyumba ya mwalimu jirani, Mkasai naye, haina madirisha. Yetu haina mlango. Cherehani imekwenda, magodoro mawili yamekwenda, sufuria zimekwenda. Shati lake la pasi limekanyagwa uani. Ngalula alikuwa kwa Numbi. Asante Mungu, Ngalula alikuwa kwa Numbi.

Jumamosi, 20 Machi

Nimempeleka Kazadi stesheni. Kasema anakwenda mwenyewe kabla hawajaja kumchukua.

Stesheni si stesheni tena. Ni mtaa. Watu wamelala kati ya reli, wengine wamekuja na milango ya nyumba zao, wameisimamisha kama kuta. Mama mmoja ananyonyesha juu ya gunia la makaa. Treni hakuna. Hakuna anayejua lini.

Kazadi kachukua kifurushi chake. Kasema nibaki na mtoto, mi mwenyeji, hakuna atakayenigusa. Nikamwambia nitafikiri. Kasema hakuna cha kufikiri. Kageuka.

Namchukia leo. Nampenda pia. Yote mawili.

Alhamisi, 25 Machi

Kwa Numbi tunakula vizuri. Muke wa Numbi ananiita dada, ananipa kitanda. Kila siku napeleka mikate stesheni. Mvua imenyesha mfululizo. Watoto wanakohoa, wale wadogo zaidi hawakohoi tena, wanazikwa karibu. Kazadi amekonda. Anatengenezea watu majiko kwa mabati.

Numbi kajaribu gari yangu leo. Alizoea levi ndefu, kavuta kwa bega zima, vitesi ikaingia kabla hajawa tayari, gari ikaruka kama mbuzi. Nikamwambia, "Polepole, kaka. Mukono tu." Kashangaa. Kaniuliza nani kaitengeneza. Nikasema, shemeji yako. Kaijaribu tena, polepole.

Kisha nikamwambia kwamba naenda na Kazadi.

"Dada, kule habakuyui. Luga yabo huyue."

"Na hapa, bananiyua? Sokoni mimi ni muke wa Mukasai."

"Hapa uko na mi."

Nimelia, naye kalia. Lakini sikubadilisha neno.

Jumapili, 28 Machi

Treni imekuja. Mabehewa ya mizigo.

Nimeendesha mwenyewe mpaka stesheni, Ngalula katikati, Numbi kando, nyuma godoro la Numbi na gunia la unga kutoka kwa Baba Saidi. Pale nikazima injini, nikampa kaka ufunguo. Kanipa kitambaa chake cha mkononi, nacho kilikuwa kimeshalowa.

Kazadi alipotuona uso ulimbadilika. Kasema kwa ukali mbele ya watu, "Nilikuambia ubakie!"

"Uliniambia," nikasema. "Hukuniuliza."

Watu wanatupita na mizigo, wanatusukuma. Ngalula kamshika suruali. Ndipo Kazadi kainama, kashika ncha moja ya godoro. Mi nikashika nyingine.

Jumatano, 31 Machi

Tumepita Kamina. Treni imesimama porini, haijulikani kwa nini. Watu wameshuka, wanawasha moto kando ya reli. Nyasi ni ndefu, hewa nzuri. Kazadi kalala, kichwa chake juu ya gunia la unga.

Behewani mwetu kuna bibi mmoja ambaye, tofauti na sisi wote, alizaliwa Kasai kweli. Meno hana, sauti anayo. Ngalula anajifunza kwake kuhesabu kwa lugha ya Kasai. Mi nimekaa karibu nasikiliza. Baadaye nikamwonyesha kikombe cha maji, nikauliza wanakiitaje kile kilichomo.

Kasema, "Mayi."

Hivyohivyo tunavyosema sisi. Nikacheka, naye kacheka, ufizi mtupu.

Nikamwonyesha moto nje. Kasema, "Kapia." Hilo sikuwa nalo. Kapia. Nililirudia polepole, bibi ananisahihisha, mpaka mdomo ukalizoea.