Miaka ya Kengele

Tarehe 3 Februari

Kwa mkwe wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mke wako yuko kazini. Mjukuu wangu amepoteza meno mawili ya mbele, sasa hata akikuamkia anapiga mluzi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka minne na miezi mitatu sijakuandikia hata mstari mmoja, wala sijakanyaga huko. Sitajitetea. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Mwalimu mkuu mzima, mkwe wake amefungwa kwa bangi karibu na shule, na sheria iliyomfunga ni ile ile mwalimu mwenyewe aliyoikusanyia sahihi mlango kwa mlango. Watu hawakunicheka. Walinisalimia kwa upole uliopita kiasi, na hilo liliuma zaidi.

Naandika sasa kwa sababu nimeitwa. Bunge limeunda kamati ya kuitazama upya ile sheria, kwamba anayekamatwa na dawa za kulevya ndani ya mita mia tano kutoka shule yoyote anaongezewa miaka kumi, na hakimu hana ruhusa ya kupunguza hata siku moja. Wapo wanaotaka ibadilishwe. Wanaotaka ibaki ndio walionialika, niende nikaitetee tarehe 9 Mei, kwa kuwa mimi na yule mama fundi cherehani ndio tulioanzisha. Unamkumbuka. Binti yake aliuziwa vidonge langoni pa shule yangu akiwa na miaka kumi na mmoja, akaanguka darasani, na mpaka leo maneno yanamtoka kwa shida.

Kabla sijaenda, nataka jambo moja kwako, na nalitaka lilivyo, hata likiwa chungu. Uliwahi kumuuzia mwanafunzi? Mahakamani sikuja, kwa hiyo sikukusikia. Ukitaka, nijibu kwa neno moja.

Mama mkwe wako


Tarehe 17 Februari

Mama mkwe,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbuka wakati wa baridi, na huku baridi tunagawiwa bila kipimo. Afisa anayegawa barua aliniuliza kama ya kwako ina habari za msiba, maana nilikaa nayo mkononi muda mrefu bila kuikunjua. Makosa ya herufi utayaona, tafadhali usitoe maksi.

Jibu langu ni hili. Mwanafunzi, hapana, hata siku moja. Lakini umetaka kweli, basi nikupe yote: mwalimu, ndiyo. Mwalimu mmoja wa shuleni kwako alikuwa akinunua kwangu kila mwisho wa mwezi. Jina lake sitaliandika. Aliacha kabla sijakamatwa, na kuacha si mchezo.

Unajua nilivyoanguka kwenye ngazi nikipaka rangi ghorofa ya pili. Dawa za hospitali zilipokwisha, fundi mwenzangu akanipa msokoto, nikalala usingizi wa kwanza baada ya wiki tatu. Nikaanza kuwaletea na wengine. Nilijiambia najitibu, kumbe nimeshakuwa duka. Mke wangu alinionya, nikamwambia hajui maumivu. Hilo najuta kuliko yote.

Kwa kosa hilo nilipewa miaka miwili, na miwili hiyo sijawahi kuinung'unikia. Lakini nilikamatwa Jumapili, shule zimefungwa, kwenye ua wa nyumba niliyokuwa naipaka rangi, misokoto kumi na sita imo ndani ya kopo tupu la rangi. Mtaa wa nyuma palikuwa na chekechea ya vyumba viwili. Sikujua kama ipo. Wakapima kwenye ramani kwa rula, ikaja mita mia tatu na kumi. Hakimu alivua miwani, akasema, "Ningekuwa na uwezo nisingekupa hii. Sina." Kisha akaandika kumi juu ya miwili. Humu ndani kumi hiyo tunaiita miaka ya kengele, kengele ya shule.

Nakuomba kitu kimoja. Ukienda huko, usiniombee.

Mkweo


Tarehe 20 Machi

Mkwe wangu,

Habari za siku nyingi. Huku ni wazima wote. Barua yako ilifika, na kwa wiki nzima ilinitia ukichaa.

Asubuhi ya kwanza niliingia ofisi ya walimu nikawatazama mmoja mmoja. Huyu macho mekundu, yule anacheka ovyo, yule mwingine anakula sana. Kufika saa sita nilikuwa nimewashuku wote, hata mwalimu wa dini. Nikaenda kunawa uso. Halafu nikajiuliza: angekamatwa huyo mwalimu, chumbani kwake, amelala, si anakaa nyumba za walimu hapa hapa? Angekula miaka kumi na miwili, kwa sahihi yangu. Hasira ikanipungua.

Jumamosi mimi na mke wako tulichukua ramani ya mji ya darasa la jiografia, tukaitandika juu ya meza. Tukachukua bikari, tukaipanua kwa kipimo cha mita mia tano, tukaanza kuzungusha. Shule za msingi, sekondari, chekechea, vyuo, hata ile shule ya ushonaji ya jioni. Maduara arobaini na tatu. Tulipomaliza, mji wote ulikuwa umefunikwa. Vilivyobaki nje ni makaburi, jalala na nusu ya machimbo ya kokoto. Mke wako akaitazama, akasema, "Kwa hiyo aliyetaka kuuza mbali na watoto angewauzia maiti."

Nilicheka, kisha sikucheka. Mimi nilidhani tumejenga ukuta kuzunguka watoto. Lakini ukisema kila mahali ni karibu na shule, hujamwambia mtu yeyote akae mbali na shule. Muuza vidonge wa langoni na mtu aliyejifungia chumbani wanapata miaka ile ile. Basi wa langoni aondoke kwa sababu gani?

Hayo nayaona. Nisichokiona ni nitamtazamaje yule mama fundi cherehani. Tulitembea pamoja jua kali, viatu vyake vikakatika. Nikigeuka sasa, nimemwacha peke yake na mwanawe.

Mama mkwe


Tarehe 4 Aprili

Mama,

Shikamoo, na salamu kwa wote hapo nyumbani. Mimi naendelea vizuri.

Habari ya makaburi niliwasomea wenzangu. Fundi viatu mmoja, aliyefungwa minne na kumi ya kengele juu yake, alinitaka niirudie mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anajifuta macho, na sijui kama ni kicheko.

Kuhusu huyo mama: nenda kwake kabla ya tarehe tisa. Asije akasikia redioni. Na sidhani unahitaji kumwacha. Anayemuuzia mtoto dawa, au kumtuma mtoto akauze, hiyo kumi mwacheni nayo, mimi mwenyewe nitapiga makofi. Ila ipimwe kwa alichokitenda, isipimwe kwa rula.

Kuhusu mimi bado naomba usinitaje. Wakijua kwamba mimi ni mkweo watasema umekuja kulilia wako, na hawa kumi na saba wa bweni letu waliofungwa kwa rula hiyo hiyo watapotea pamoja nami.

Mkweo


Tarehe 12 Mei

Mkwe wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi magoti tu, mengine yote salama. Kaa chini usome, maana barua hii ni ndefu.

Kwa fundi cherehani nilikwenda. Alinisikiliza huku anashona, cherehani haikusimama hata mara moja. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno, akaniambia nikitoka nifunge mlango vizuri. Basi. Nilitembea mpaka nyumbani kama niliyepigwa.

Tarehe tisa nikaenda. Chumba kikubwa, viti vya ngozi, maji ya chupa mbele ya kila mbunge. Wakanikaribisha kwa heshima kama mtetezi wao. Nikatandika ramani yetu mezani. Nikawaambia niliikusanyia sheria hii sahihi elfu mbili, na leo nimekuja kuwaonyesha nilichokusanya. Waliinuka kwenye viti kutazama. Mmoja akatafuta nyumba yake, akaikuta ndani ya maduara matatu.

Halafu, mkwe wangu, nilikuvunjia ombi lako. Nilikutaja. Sikuweza kuwaomba wasikie kweli huku nimeificha nusu chini ya ushungi. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, umekuja hapa kama mwalimu au kama mkwe?"

Nikamjibu, "Nimekuja kama niliyeitembeza ile karatasi. Mkwe wangu kosa lake analijua. Mimi nimekuja kusema langu."

Nilipogeuka ndipo nikamwona fundi cherehani, amekaa safu ya mwisho na binti yake. Akaomba kusema. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akawauliza, "Aliyemuuzia mwanangu yuko wapi? Juzi niliwauliza polisi: hakukamatwa. Miaka yote hii nalala nikijua jela zimejaa, nikidhani na yeye yumo." Akawaomba adhabu kali ibaki kwa anayemfuata mtoto, na polisi waache kupima kuta za watu, wakakae langoni.

Tulipotoka nje tulikaa kwenye ngazi, sote watatu, tukagawana soda moja. Kama nimekuharibia, nisamehe.

Mama


Tarehe 30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya, na mke wangu ameniambia unamuuliza kila siku ya posta. Hujaniharibia. Siku niliyosoma barua yako niliona kama mtu ameniondolea gunia mgongoni, nami nilishalizoea mpaka nikadhani ni sehemu ya mwili.

Ukimya wangu ni woga. Redio ilisema muswada umesomwa mara ya kwanza, watu bwenini wakaimba. Siku ya pili mwanasheria mmoja akatembelea hapa, akasema huenda sheria mpya isiwahusu waliokwisha kufungwa, iwe ya watakaokamatwa kesho na kuendelea. Fundi viatu alilala chini akageukia ukuta, hakula siku mbili. Tangu hapo nimekataa kutumaini, na kukataa kutumaini ni kazi ngumu kuliko kupaka dari.

Mwambie binti yangu nimeiona picha yake. Meno yameota makubwa, kama ya mama yake.

Mkweo


Tarehe 21 Oktoba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Imepita.

Anayemuuzia mtoto, au anayeuza kwenye eneo la shule saa za masomo, adhabu yake imebaki. Wengine wote hakimu atapima mwenyewe. Na kifungu cha kumi na moja kinasema waliokwisha kuhukumiwa warudishwe mahakamani kuhesabiwa upya. Nimekisoma mara nne kwa miwani na mara moja bila miwani. Mwambie fundi viatu anyanyuke ale.

Wakili wa msaada wa kisheria ameshapeleka maombi yako. Safari hii mahakamani nitakuja.

Mama


Tarehe 6 Desemba

Mama,

Shikamoo. Utaona ajabu kupata barua kutoka chumba cha pili, lakini nisikilize.

Juzi mahakamani, hakimu aliposema ile miaka miwili nimekwisha kuimaliza zamani na niachiliwe siku hiyo hiyo, sikuelewa. Nilibaki nimesimama. Askari ndiye aliyeniambia, "Nenda, ndugu yangu, wewe si wetu tena." Mke wangu alinishika mkono kama anayenivusha barabara. Nikakuona wewe umesimama mlangoni na mkoba wako wa shule, unalia kimya kimya na kuwakemea waliokuwa wanasukumana.

Kisha tukaja hapa. Mama, jana jioni tulikaa sebuleni saa nzima, wewe na mimi. Tukazungumzia mvua. Ukaniuliza kama kiti kinanitosha, nikasema kinanitosha. Watu tulioandikiana mambo yote yale! Mke wangu alikuwa jikoni anacheka mpaka akaangusha sufuria.

Ulimi wangu bado uko kule, Mama, lakini mkono umeshatoka, kwa hiyo naandika. Usiku nililala nikaamka mara nyingi, na kila nikiamka nilifungua mlango, nikaufunga, nikaufungua. Binti yangu akaniuliza kama mlango ni mbovu. Nikamwambia hapana, ni mzima. Akaniletea kigoda nikae nikiendelea kuuchezea.

Fundi mmoja amenipa kazi kuanzia Jumatatu, kazi ya chini, si ya ngazi. Fundi viatu kesi yake ni Alhamisi, nitakwenda. Nilitaka kukwambia asante kwa mdomo. Nimeshindwa mara mbili tangu asubuhi. Kwa hiyo nakupitishia karatasi hii chini ya mlango.

Mwanao


Tarehe hiyo hiyo

Mwanangu,

Nimeisoma. Sina kosa la kukusahihisha.

Chai iko mezani na wenzio wanakusubiri. Karatasi zimeniishia. Yaliyobaki njoo uniambie, hata kama utaanza na mvua.

Mama