Sahihi Yangu Iko Harusini

Darlène, niko kwenye cyber ya mtaa wa Chaussée de Wavre na bado naona haya. Nimempigia docteur Etienne simu akiwa kanisani, kwenye harusi ya binti yake. Ndiyo, harusi.

Unajua ile convention, yale makubaliano tuliyotia sahihi naye wiki iliyopita pale kwenye nyumba ya wazee. Mgonjwa akiumwa, sisi wauguzi tunampa dawa za maumivu zilizotajwa mle, bila kumwuliza daktari kwanza.

Bon, leo goti lilimkamata sœur Lieve, yule sista mmisionari mzee aliyekaa Bukavu, hadi machozi yakamtoka. Nikafungua kabati, nikashika dawa yenyewe. Halafu mkono ukaenda kwenye simu. Tangu nimzike mume wangu Rigobert siamui kitu peke yangu, hata rangi ya pazia.

Docteur akanong'ona, kinanda kinalia nyuma yake: "Kasoki, ile convention ina sahihi za nani?"

"Yako na yangu, docteur."

"Alors tumia yako. Yangu iko harusini."

Yangu iko harusini, Darlène. Akakata.

Sœur Lieve akanitazama: "Maman Kasoki, sasa unangojea ruhusa ya Vatican?"

Nikampa. Baadaye nikamsikia anaimba.

Jioni docteur akapita na kipande cha keki ya harusi. Sœur ana sukari, donc akauliza, "Naweza kula?" Wote wawili wakaniangalia mimi.

Nikasema, "Nusu."

Nusu nyingine nimeila mwenyewe. Sikumwuliza mtu.