Ufunguo kwenye Kamba ya Beji

Jumatatu, 29 Mei
Zamu ya asubuhi. Vidonda, chanjo, wajawazito. Mkuu wa kituo chetu cha afya ameenda Yahuma kwa msiba, kwa hiyo kabati la dawa ni langu. Beji zimefika. Lazima zivaliwe, maana majeshi mawili ya kigeni yamegawana mji na kila moja lina vizuizi vyake. Kamba ya bluu, mwishoni pete ya chuma. Nimetundika kalamu, filimbi, tochi ndogo na ufunguo wa kabati. Papa Anselme, dereva wetu wa ambulensi, amecheka: mama Josée umekuwa duka.

Jumatano, 31 Mei
Kizuizi cha daraja la mto Tshopo. Askari ameshika filimbi yangu. Eti namwita nani nayo. Nikasema wagonjwa. Hakuamini, akaichukua. Alivuta kamba mpaka paji langu likamgusa kifuani. Ananuka mafuta ya bunduki.

Mchana papa Anselme amekata kamba zetu zote nyuma ya shingo, akaziunga kwa uzi wa kushonea. Mtu akivuta, ikatike. Tochi nimetoa. Watasema napiga nayo ishara. Kalamu imebaki. Ufunguo umebaki.

Ijumaa, 2 Juni
Soko linafungwa mapema. Wamama wanafunga sombe, majani yao ya muhogo, kabla jua halijapanda. Ng'ambo ya daraja askari wanachimba mashimo, na hakuna anayeuliza ya nini.

Nimeongeza kadi ndogo nyuma ya beji: kundi la damu na jina la mtu wa kuitwa. Mimi nimeandika dada yangu, yuko Opala. Nani atafika Opala sasa? Papa Anselme ameandika mke wake, mama Véro. Safari hii hakucheka.

Jumapili, 4 Juni
Padri amefupisha misa. Nilipofika kituoni, askari wawili walikuwa mlangoni wanauliza nani anashika dawa. Nimefunika ufunguo kwa kiganja. Wakaondoka, wakasema watarudi.

Papa Anselme aliona mkono wangu.
"Lete hiyo ufunguo, mama. Miye niko mutu ya gari. Hawatanifikiria."
Kuuficha ndani hatuwezi. Tukikimbia na wagonjwa, dawa lazima zije nasi, na ufunguo uwe karibu. Bon, haya. Nimeuvua nikampa, akautundika kwenye kamba yake. Nikaona raha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliona raha.

Jumatatu, 5 Juni
Imeanza asubuhi. Mizinga kutoka pande zote mbili, sisi katikati. Wagonjwa tumewalaza kwenye korido. Paa la chumba cha uzazi limekwenda. Umeme hakuna. Naogopa kama mnyama.

Jumatano, 7 Juni
Naandika nikiwa nimelala chini. Maji yamebaki ndoo moja.

Mchana wameingia askari watatu. Wa upande gani, sijui. Wametaka dawa. Mmoja akaona ufunguo kifuani kwa papa Anselme. Wamemlazimisha afungue kabati, wamebeba kwinini, serumu za kutundika, bandeji, vyote. Kisha wakasema anayeshika ufunguo ndiye muganga, twende ukatibu, wenzetu wanakufa.
"Miye niko chauffeur tu, mutu ya gari," amesema.
Walicheka. Mmoja akavuta kamba. Uzi ukakatika kama papa Anselme alivyotaka ukatike, beji na ufunguo vikaanguka. Wakamshika shati, wakaondoka naye.

Muuguzi ni mimi. Beji yangu inasema hivyo, nilikuwa nimeilalia. Alinitazama mara moja tu, halafu akatazama pembeni ili wasifuate macho yake. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Ijumaa, 9 Juni
Hajarudi. Mizinga haikomi. Mwanamke mmoja amejifungua kwenye korido, mtoto wa kike. Nimekata kitovu kwa wembe. Mikono haikutetemeka. Nimeichukia kwa hilo.

Jumapili, 11 Juni
Kimya tangu asubuhi. Masikio yanavuma.

Tumempata nyuma ya ukuta wa shule, kando ya askari wawili waliojeruhiwa. Bomu limewaua wote pamoja. Alikuwa amewafunga bandeji. Vibaya, zimelegea, fundo kubwa kama la kufungia mizigo juu ya gari. Lakini alikuwa amewafunga.

Tumemzika uani kituoni, barabara ya makaburini haipitiki. Mama Véro alisimama wima mpaka mwisho. Aliniita muuguzi wa mume wake, akanishukuru. Sikuweza kula.

Jumanne, 13 Juni
Nimekwenda kwa mama Véro. Nimemwambia yote, nimesimama uani, sikutaka kiti. Ufunguo ulikuwa wangu. Walikuwa wanamtafuta mtu kama mimi. Sikusema neno.

Jirani alikuwa anapigilia bati, akaacha, akaanza tena.
"Ni yeye mwenyewe aliomba ufunguo?"
Nikasema ni yeye.
"Basi, iko yeye kabisa. Ndivyo alikuwa."
Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Nyumba yake ilikuwa imejaa vipande vya vioo vya madirisha, kitandani, kwenye sufuria, kila mahali. Akanipa ufagio mmoja, akachukua mwingine. Tumefagia mpaka jua likawa utosini, polepole, kwa sababu vipande vidogo havionekani. Tulipofika kizingitini akaniuliza kama nimekula.

Nikasema hapana. Akaenda kuwasha moto.