Intaneti Ndani ya Nyaya za Umeme

Ruangwa, Jumamosi usiku

Imekubali! Mume wangu amenicheka tangu asubuhi, lakini imekubali.

Tangu Mama avunjike nyonga hatoki chumba cha nyuma, na intaneti ya sebuleni haivuki zile kuta. Ndiyo maana nilinunua vifaa viwili vya kuchomeka kwenye soketi za umeme. Kimoja nilikichomeka karibu na ruta, kingine chumbani kwa Mama kwenye ekstensheni, ili mtandao upite kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani, kisha uingie kwenye kompyuta kwa kebo.

Mwanzoni kimya. Taa ya mtandao kwenye kifaa cha chumbani haikuwaka, na kaka yangu Saidi alikuwa anasubiri kule Msumbiji amwonyeshe Mama mtoto wake wa kwanza. Nilikaribia kulia.

Mume wangu akauliza, "Sasa hiyo ekstensheni ya nini?"

Nikaitoa, nikachomeka kifaa ukutani moja kwa moja. Taa ikawaka.

"Hakitanipiga shoti?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Tazama hapa."

Mtoto akajaa kwenye kioo cha kompyuta, anapiga miayo. Mama alimtazama muda mrefu bila neno. Niliingiwa na hofu. Siku hizi ananyamaza sana, na mimi usiku nawaza mambo ambayo hata kuyaandika...

Halafu akasema, "Pua ya marehemu baba yenu hiyo! Nami nilidhani tumeizika."

Saidi alicheka mpaka simu ikamdondoka. Mama naye akacheka, mkono nyongani, akitulaumu kwamba tunamuumiza.